Guta linanguruma ila halipandi: kubadilisha pleti za klachi mwenyewe, nyumbani

Maswali ni yale yale. Guta langu (pikipiki ya mizigo ya matairi matatu) nikivuta mafuta linapiga kelele tu halisogei. Nikikamata klachi gia haiingii. Nimeambiwa pleti zimekwisha, je naweza kubadilisha mwenyewe au lazima nipeleke gereji? Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa simu nikiwa na mikono ya oili, kwa hiyo naandika mara moja yote, anayeuliza tena nitamtumia hii.

Jibu fupi ni ndiyo, unaweza. Kazi yenyewe haihitaji nguvu, inahitaji mpangilio na usiwe na haraka. Asiyewahi kabisa kufungua injini atenge siku nzima, aliyezoea nusu siku inatosha na chai anakunywa.

Hapa naongelea injini za aina ya CG, zile ambazo asili yake ni Honda CG125 halafu Wachina wakazitengeneza kwa wingi, cc 125 mpaka 200. Ndizo ziko kwenye guta nyingi unazoziona zinabeba dagaa pale Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, kwenye pikipiki nyingi za Kichina, na hata baadhi ya zile pikipiki za matairi manne. Kama una ya matairi manne ndogo isiyo na mkono wa klachi kabisa, hiyo klachi yake inashika yenyewe injini ikizunguka kasi, ni kitu kingine, usifuate haya. Boxer na TVS kanuni ni ileile ila ndani vitu vimepangwa tofauti kidogo, kwa hiyo hatua za katikati usizifuate kwa kukariri.

Kabla hujanunua pleti, hakikisha tatizo ni pleti

Hapa ndipo watu wanapoteza hela. Guta linakuja limeandikiwa pleti, ukilikagua unakuta waya wa klachi umekazwa mpaka hauna uhuru hata kidogo, yaani klachi imekamatwa nusu muda wote hata kama dereva hajaigusa. Hapo hata ukiweka pleti mpya leo, mwezi ujao zimeungua.

Kamata ncha ya mkono wa klachi, uvute taratibu kwa kidole. Inatakiwa icheze bure kama milimita 10 mpaka 20 ndipo uanze kusikia uzito. Kama haichezi, legeza waya kule kwenye injini (zile nati mbili zinazobanana) au hapo juu kwenye usukani, halafu endesha. Wengi wanaishia hapo, wanarudi kazini.

Angalia na oili uliyoweka. Klachi hizi zinaogelea kwenye oili ileile ya injini, kwa hiyo oili ya gari, hasa zile zinazosifiwa kupunguza matumizi ya mafuta, ina viungo vya kuteleza na pleti zinateleza kweli. Nunua ya pikipiki, kopo liwe limeandikwa JASO MA au MA2. Ikiandikwa MB iache, hiyo ni ya skuta.

Ukishamaliza hayo mawili, fanya jaribio. Sehemu tambarare, bila mzigo, washa, ingiza gia ya tatu, kanyaga breki kwa nguvu, ongeza mafuta kidogo na achia klachi taratibu. Klachi nzima inazima injini. Kama umeachia mkono wote na injini bado inanguruma vizuri tu kama haikuhusu, pleti zinateleza. Usirudie rudie jaribio hili, mara moja inatosha, kila ukirudia unaziunguza zilizobaki.

Dalili nyingine ni harufu ya kuungua ukipanda mlima, na Mwanza milima haikosi, anayepeleka maji Bugarika au Isamilo na mapipa manne nyuma anaijua hiyo harufu.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Soketi na spana namba 8, 10, 12, 14 na 17. Spana ya T namba 8 itakusaidia sana.
- Soketi ya meno manne kwa ile nati ya katikati ya klachi, au plaizi ya kufungulia pete kama yako ina pete badala ya nati. Nitaeleza mbele.
- Bisibisi nzuri ya nyota, isiyolika.
- Nyundo ya plastiki au ya mpira, ukikosa kipande cha mbao na nyundo ya kawaida.
- Pleti mpya seti nzima (soma hapo chini kabla ya kununua), springi mpya, gasketi ya kava la kulia. Bolti moja moja za akiba za kava si mbaya.
- Oili ya pikipiki, karibu lita 1, nunua na kidogo ya ziada.
- Besheni, matambara, petroli au mafuta ya taa ya kuoshea, wembe.
- Boksi la karatasi gumu na kalamu.
- Simu ya kupigia picha.

Kuhusu pleti, usiende dukani ukasema tu "nipe pleti za guta". CG nyingi zina pleti tano zenye laini ya kahawia (ule utando wa msuguano) na nne za chuma tupu, lakini kuna guta za mzigo mzito zimeongezewa, na springi unaweza kukuta nne, tano au sita. Ushauri wangu ni fungua kwanza, hesabu, beba moja ya zamani mkononi, mwambie muuzaji mfananishe meno na upana pale pale kaunta. Chombo kitakaa wazi masaa mawili matatu, kifunike tu na kitambaa safi vumbi lisiingie.

Kazi yenyewe

1. Egesha na poza. Sehemu tambarare, tairi za nyuma ziwekee mawe mbele na nyuma, mawe hapa kwetu hatuyanunui. Injini iwe imepoa kiasi cha kushikika, vuguvugu ni nzuri kwa sababu oili inashuka vizuri, ila ya moto itakubabua. Toa waya hasi wa betri, maana kuna guta zina batani ya stata na kuna watoto wanapenda batani.

2. Mwaga oili. Bolti ya chini, mara nyingi namba 17. Kinga kwenye besheni na uiangalie kwenye mwanga. Ikiwa nyeusi yenye chembechembe za kahawia na inanuka kuungua, ni laini ya pleti hiyo. Ukiona vipande vya chuma vinavyong'aa vya kushikika kwa kidole, simama, kuna jambo zaidi ya klachi, muone fundi wa injini. Oili chafu usiimwage mtaroni, kwa hapa mjini mtaro unaingia Mirongo na Mirongo unaingia ziwani tunakochota maji. Iweke kwenye dumu, wapo wanaoitafuta kupaka nguzo zisiliwe na mchwa.

3. Chomoa waya wa klachi. Legeza juu kwenye usukani, legeza chini, utoe kichwa cha waya kwenye ule mkono mdogo ulioko kwenye kava la kulia. Ukikuta nyuzi zimeanza kukatika, badilisha waya kabisa sasa hivi, usiurudishe.

4. Ondoa vinavyoziba. Kiki (bolti ya 10 au 12, kabla ya kuichomoa weka alama ya kalamu ilikokaa), na kama ekzosi au pedeli ya breki inakuzuia, hivyo navyo. Injini yako ikiwa na rejeta na kuna mpira wa maji unaoingia kwenye kava hilo, mwaga maji kwanza.

5. Fungua kava la kulia. Bolti za namba 8, kama kumi hivi, na HAZILINGANI UREFU. Chora umbo la kava kwenye boksi, toboa matundu, kila bolti ukiitoa ichomeke kwenye tundu la mahali pake. Anayedharau hili ndiye anayerudisha bolti ndefu kwenye tundu fupi, anakaza, anapasua injini. Zilegeze zote kidogo kidogo kwa mkingamo kwanza, yaani moja kisha ya upande wa pili. Zikiisha, gonga kava kwa nyundo ya mpira kuzunguka mpaka liachie. Usilipenyezee bisibisi katikati kulibandua, utakwaruza uso wa bati laini na oili itavuja milele hata uweke gasketi ya dhahabu. Likitoka, angalia vile vipini viwili vya duara vya kulishikisha kava, vikidondoka vitafute, na ile washa (pete bapa ya chuma) kwenye shafti ya kiki isikupotee.

6. Toa springi. Sasa klachi unaiona, ni lile dude kubwa la duara. Bolti za springi zilegeze kwa mkingamo, nusu mzunguko hii, nusu mzunguko ile, mpaka zote zilegee pamoja. Ukitoa moja yote wakati nyingine zimebana, sahani inakaa upande na unaweza kuvunja nguzo za bolti, ni aluminiamu tu zile. Toa sahani ya nje pamoja na beringi yake ya katikati, izungushe beringi kwa kidole, ikikwaruza badilisha.

7. Fungua katikati. Hapa ndipo CG inawachanganya wengi, kwa sababu kwenye pikipiki nyingine ukishatoa springi pleti zinatoka, lakini hapa presha pleti (sahani inayozibana pleti) iko nyuma, kwa hiyo lazima utoe kitovu cha mbele ndipo pleti zitoke. Kitovu kimefungwa ama kwa pete yenye matundu mawili, ama kwa nati yenye mikato minne. Pete ni rahisi, plaizi yake, unaipanua, inatoka. Nati inataka soketi ya meno manne. Ukikosa ya kununua, fundi wa kuchomelea anaweza kukukatia kutoka kwenye soketi kuukuu kwa muda mfupi tu. Ile tabia ya kuweka patasi na kupiga nyundo mpaka nati izunguke naijua, wengi ndivyo wanavyofanya na inafungua kweli, ila mikato inalika, vipande vya chuma vinaangukia ndani, na kuikaza wakati wa kurudisha huwezi kuwa na uhakika. Usifanye.

   Ili kitovu kisizunguke, ingiza gia ya juu kabisa, mtu akanyage breki ya nyuma kwa nguvu, wewe fungua. Nati inafunguka kawaida, kinyume cha saa. Piga picha washa zilivyokaa, kama ina maandishi angalia yalitazama wapi.

8. Vuta vyote pamoja. Kitovu, pleti, na presha pleti vinatoka kama kitu kimoja. Vipange mezani kwa mpangilio uleule, piga picha, au vitunge kwenye waya.

9. Kagua. Pleti za laini mpya zina karibu milimita 3, kwa CG zikishuka 2.6 ni za kutupa. Kama huna venia (kipimo cha unene), linganisha na mpya uliyonunua, tofauti utaiona. Ikiwa laini imekuwa nyeusi, inang'aa au inameguka, tupa hata kama unene upo. Pleti za chuma zikiwa na rangi ya bluu zimepata moto sana. Ilaze kwenye kioo, ikicheza cheza au fila geji (kibati chembamba cha kupimia nafasi) ya milimita 0.20 ikipita chini yake, imepinda, tupa.

   Springi zisimamishe zote kwenye kioo hichohicho pamoja na mpya. Zilizofupika utaziona. Badilisha zote, siyo moja. Na tafadhali achana na ule ujanja wa kuweka washa chini ya springi kuukuu ili zibane zaidi. Mkono unakuwa mgumu, waya unakatika upo katikati ya barabara ya Igoma, na mbaya zaidi springi zinaweza kubanana mpaka klachi isiachie.

   Mwisho, hausingi, lile kopo kubwa ambalo pleti zinakaa ndani yake. Pitisha ukucha kwenye kuta za mikato yake. Zikiwa zimechimbika mashimo kidogo, sawazisha na faili laini bila kula sana. Mashimo ya kuingia ukucha mzima, nunua hausingi, la sivyo pleti mpya zitakwama humo humo na utalaumu duka.

10. Safisha, na chujio pia. Kwangua gasketi ya zamani kwa wembe, taratibu, huku mdomo wa injini umeuziba na tambara. Mbele ya klachi kuna kikombe kidogo chenye skrubu tatu kwenye ncha ya kirenki (shafti kuu ya injini), hicho ni chujio cha oili kinachokusanya uchafu kwa kuzunguka. Watu wanaendesha miaka hawajawahi kukifungua. Fungua, kwangua ule ugoro mweusi wote, futa, rudisha na gasketi yake. Umeshafika hapo, usirudi bila kukigusa.

11. Loweka pleti mpya. Pleti za laini zikae kwenye oili mpya angalau nusu saa, ukiweza ziache usiku kucha. Kuzifunga kavu ni kuziunguza dakika ya kwanza tu injini ikiwaka. Hili linarukwa sana kwa sababu ya haraka, halafu mtu anasema pleti za siku hizi feki. Feki zipo, lakini siyo zote.

12. Panga na urudishe. Anza na laini, kisha chuma, laini, chuma, umalizie na laini. Ya kwanza na ya mwisho zote ni za laini. Panga juu ya kitovu, funika na presha pleti, na hapa tulia, meno ya presha pleti lazima yaingie sawasawa kwenye meno ya kitovu. Bonyeza kwa mikono miwili, angalia pembeni, kusiwe na nafasi inayoonekana. Ukilazimisha meno yakiwa yamepanda juu ya mengine, klachi haitashika au haitaachia kabisa na utafungua upya. Panga masikio ya pleti yawe mstari mmoja ndipo uingize yote kwenye hausingi.

13. Funga katikati na springi. Washa kama picha inavyoonyesha, nati ikaze vizuri kwa njia ileile ya gia na breki. Yenye pete, hakikisha imekaa kwenye mfereji wake mzima mzunguko. Kisha beringi, springi, sahani, na bolti kwa mkingamo kidogo kidogo. Bolti hizi zikifika mwisho zinasimama zenyewe, ongeza kidogo kwa kiganja, basi. Usivute na bomba. Nguzo ikiung'oa uzi ni presha pleti mpya.

14. Rudisha kava. Vipini viwili mahali pake, gasketi mpya kavu. Silikoni kama ni lazima basi utando mwembamba sana, ile inayozidi inameguka ndani na kwenda kuziba njia ya oili. Paka grisi kidogo kwenye sili ya kiki, ule mpira unaozuia oili isivuje. Kava likikaa, sukuma ule mkono mdogo wa klachi kwa kidole, uwe unagusa kitu ndani na kurudi. Ukizunguka bure, toa kava angalia tena, kitu hakijakutana. Bolti kila moja mahali pake kutoka kwenye boksi, mkingamo.

15. Oili, waya, kiki. Rudisha bolti ya chini kwanza (cheka, lakini wapo waliomwaga oili mpya yote chini). Weka oili, pima kwa kijiti. Rudisha kiki na vyote ulivyotoa, maji ya rejeta kama uliyamwaga, na waya wa betri. Funga waya wa klachi, acha ule uhuru wa milimita 10 mpaka 20 kwenye ncha. Piga kiki mara kadhaa ukiwa hujawasha ili oili ipande, ndipo uwashe. Iache dakika mbili tatu, zima, angalia uvujaji, pima oili tena maana kiwango kitashuka kidogo.

16. Jaribu bila mzigo. Tambarare kwanza, gia zote, halafu kilima kidogo, ukirudi pima tena uhuru wa waya kwa sababu pleti zikikaa unabadilika. Siku za mwanzo beba nusu. Najua mteja wa mchanga hana subira, mwambie safari mbili badala ya moja.

Umemaliza lakini bado kuna shida

*Gia ngumu kuingia, au ukikamata klachi guta bado linataka kwenda.* Waya umelegea mno, kaza kidogo. Kama waya uko sawa, basi pleti ya chuma imepinda, au umezidisha pleti moja, au meno ya presha pleti hayakukaa.

*Bado inateleza.* Uhuru wa waya kwanza, siku zote. Kisha oili gani umeweka. Kisha ulirudisha springi za zamani au ulipunguza pleti. Ukikuta umefunga laini tano na chuma tatu, ndiyo hiyo.

*Asubuhi injini ikiwa baridi gia ya kwanza inaingia kwa kishindo.* Pleti zimenatana na oili usiku. Kabla ya kuwasha, kamata klachi, ingiza gia, lisukume mbele nyuma kidogo ziachane, rudisha frii, washa. Si ugonjwa.

*Mkono mgumu kuliko zamani.* Springi mpya zinakuwa na uzito kiasi, hiyo sawa. Ukiwa mgumu kupita kiasi, waya umekunjwa pembe kali mahali, au umekauka, mimina oili nyepesi ndani yake kutoka juu mpaka itokee chini.

*Oili inatoka pembeni ya kava.* Usikimbilie kukaza zaidi. Angalia kama gasketi imekunjika au kava limekwaruzwa, na kama inatokea kwenye shafti ya kiki, ni sili tu.

*Kelele ya kukwaruza ukikamata klachi, ukiachia inapotea.* Beringi ya katikati, ile niliyosema uizungushe kwa kidole.

*Pleti zinakwisha kila baada ya muda mfupi.* Hapo mkague dereva, chombo kiache kwanza. Anayependa kulisimamisha guta mlimani kwa nusu klachi badala ya breki, au anayeendesha vidole vinne vimelala kwenye mkono wa klachi kutoka Kisesa mpaka mjini, huyo hata umfungie pleti za trekta atazimaliza.